Barabara ya Morogoro na Mpaka Wake: Upanuzi wa Njia Kuu na Makazi ya Magharibi mwa Dar es Salaam

Jiji la Dar es Salaam limekua kwa kufuata barabara zake kuu nne, ambazo ni Kilwa upande wa kusini, Pugu (inayoitwa sasa Nyerere) upande wa kusini-magharibi, Morogoro upande wa magharibi na Bagamoyo upande wa kaskazini, na katika hizo zote hakuna iliyozua mgogoro mrefu kati ya dola na wakazi kama Barabara ya Morogoro. Mgogoro huo kwa kawaida huelezwa kama habari ya matingatinga na nyumba zilizobomolewa mwaka 2017, lakini kwa hakika umri wake unakaribia umri wa utawala wa Waingereza katika Tanganyika, na kiini chake si lami yenyewe bali ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kisheria pande zote mbili za njia, ukipimwa kutoka katikati yake, ambao ndani yake mtu haruhusiwi kujenga bila kibali cha mamlaka. Ukanda huo ulikuwapo kwenye karatasi muda mrefu kabla ya kuwapo mji wa kuuzunguka, na mji ulipofika ulijengwa juu yake, tena mara nyingi kwa msaada wa dola ileile iliyouchora.

Wajerumani hawakuwa na haja kubwa na barabara hii. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na kwa hiyo mzigo wa bara ulikuja pwani kwa treni, huku njia ya miguu na mikokoteni ikiachwa ijitunze yenyewe. Ni Waingereza walioanza kuzipa barabara hadhi ya kisheria, na mwaka 1932 wakatunga Sheria ya Barabara Kuu, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 167 ya sheria za nchi, iliyompa gavana na maofisa wake uwezo wa kutangaza njia kuwa barabara kuu na kuweka upana wake. Wakati huo mji mzima wa Dar es Salaam ulikuwa haujafikia watu 50,000, na Kimara, Mbezi na Kibamba yalikuwa mashamba na vichaka ambavyo mkazi wa Kariakoo aliviona kuwa ni safari. Kwa watunga sheria wa zama hizo, kutenga ardhi pana kando ya njia hakukuwa na gharama yoyote, kwa kuwa ardhi hiyo haikuwa na bei machoni pao na waliokuwa wakiilima hawakuhesabiwa kuwa ni wamiliki.

Hapo ndipo ilipotoka tofauti ambayo baadaye iliwachanganya wengi. Barabara kuu za kawaida zilitengewa hifadhi ya mita 22.5 kila upande, lakini kipande cha Barabara ya Morogoro kinachotoka Kimara kuelekea Kibaha kilitengewa, kwa kanuni zilizotolewa chini ya sheria hiyo ya zamani, mita 121.5 kila upande, maana yake ukanda wa mita 243 kwa jumla. Mtu aliyejenga nyumba yake mita 100 kutoka katikati ya Barabara ya Kilwa alikuwa mbali na mkono wa sheria, ilhali mwenzake wa Mbezi aliyejenga kwa umbali uleule alikuwa mvamizi, ingawa macho ya wote wawili yasingeweza kuona tofauti yoyote katika udongo waliosimama juu yake.

Umuhimu wa barabara uliongezeka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kila hatua ilivuta watu kuelekea magharibi. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ulifungua njia ya makazi mapya ya Waafrika, na Magomeni ikajengwa katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulianza kazi karibu na Mlandizi, na bomba lake kubwa likaja sambamba na barabara hadi kwenye matangi ya Kimara, jambo ambalo wanahistoria wa mji huligusa kwa haraka mno, ingawa katika nchi ya maji ya visima na ndoo kichwani, kupita kwa bomba mahali fulani ni mwaliko mkubwa zaidi wa kuishi hapo kuliko lami. Chuo Kikuu kilihamia Mlimani mwaka 1964, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wafanyakazi wa kiwanda pamoja na waliowauzia chakula na kuwapangisha vyumba wakajaza Manzese na vitongoji vinavyoizunguka.

Sababu nyingine ilitoka mbali zaidi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini kwa mafuta na shaba yake, ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipita Barabara ya Morogoro usiku na mchana kuelekea Tunduma, katika njia ya vumbi na matope iliyopata sifa mbaya kwa ajali zake, hadi ilipojengwa kwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani na za Benki ya Dunia. Kuanzia hapo barabara hii ikawa na kazi mbili zisizopatana, kwa sababu ilikuwa njia kuu ya mataifa jirani yasiyo na bahari, na papo hapo ilikuwa mtaa wa watu wanaokwenda sokoni kwa miguu. Kila upanuzi uliofuata umekuwa jaribio la kuitimizia kazi ya kwanza, na gharama yake imelipwa na wale waliokuwa wakiitegemea kwa kazi ya pili.

Idadi ya watu inaeleza kilichotokea baadaye. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika jiji, ile ya 1978 ikahesabu zaidi ya 843,000, na ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541, wakati upimaji wa viwanja haukuwahi kukaribia kasi hiyo hata kidogo. Mipango mikuu ya 1968 na 1979, yote miwili iliyotayarishwa na wataalamu kutoka Kanada, ilichora vitongoji vyenye mpangilio, lakini watu hawakungoja viwanja, wakajenga makazi holela, neno linalotumiwa na maofisa kwa maeneo yaliyojengwa bila ramani iliyoidhinishwa, hata kama nyumba zenyewe ni imara na za matofali. Katika miaka ya 1970 serikali iliachana na desturi ya kuyavunja makazi hayo, na kupitia mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia ikaanza kupima viwanja Sinza na Kijitonyama huku ikiboresha Manzese pale ilipo kwa njia, maji na taa. Ujumbe uliowafikia wakazi ulikuwa bayana: nyumba iliyokwisha kujengwa inatambuliwa. Wakazi wa zamani wa Kibamba na Kiluvya walidai zaidi ya hapo, wakisema kwamba waliwekwa kando ya barabara na serikali yenyewe wakati wa kuhamishia watu vijijini mnamo 1974, kipindi ambacho kukaa karibu na njia kuu kulikuwa ni kutii amri wala si kuivunja.

Namna ardhi ilivyouzwa katika maeneo hayo inastahili kuelezwa, kwa kuwa bila kuifahamu mtu anaweza kudhani kwamba waliojenga ndani ya hifadhi walifanya hivyo kwa siri. Mnunuzi alioneshwa shamba au kipande cha shamba na mwenyeji, wakakubaliana bei, wakaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ni kiongozi wa ngazi ya chini kabisa wa chama aliyewajua watu wake kwa majina, au baadaye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mbele ya mashahidi wakaandika hati ya mauziano iliyogongwa muhuri. Baada ya hapo mnunuzi alijenga msingi, akamaliza nyumba kidogo kidogo kwa miaka mingi, akaomba umeme akapewa, akaomba maji akaunganishiwa, akadaiwa kodi ya majengo akalipa. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilitoa hata leseni za makazi katika maeneo yasiyopimwa ya jiji, yaani hati za muda zilizokusudiwa kumpa mkazi usalama wa kukaa na uwezo wa kukopa. Ofisi moja ilikuwa na ramani ya hifadhi ya barabara, ofisi nyingine ilikuwa na daftari la wateja wa umeme, na hakuna aliyelazimika kuzilinganisha. Kusema kwamba wakazi walivamia ardhi ya umma ni kweli kwa kipimo cha sheria, lakini ni uvamizi wa aina ya pekee ambao mvamiwa aliupelekea nguzo na mita.

Sheria za fidia nazo zilibadilika kwa faida ya wakazi, ila si kwa wakazi wa hifadhi. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilimruhusu Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa thamani ya maendelezo tu, yaani nyumba, mazao na kazi nyingine ya mikono ya mtu, kwa hoja kwamba ardhi tupu haina bei. Katikati ya miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya mtu katika ardhi anayoimiliki kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaagiza kwamba anayenyang'anywa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kwa kuzingatia thamani ya soko, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na malazi na faida anayoikosa mfanyabiashara. Haya yote yalimhusu mwenye haki katika ardhi. Aliyekuwa ndani ya hifadhi hakuwa na haki ya kutwaliwa, na kwa mantiki hiyo serikali haikumtwalia kitu. Ilikuwa ikijirudishia kilicho chake.

Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000, ndio uliolibeba jukumu la kuirudisha ramani ardhini, na chombo chake kikawa ni alama ya X iliyopakwa ukutani. Sheria mpya ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, alama hiyo ikapata rangi mbili, nyekundu kwa waliokuwa ndani ya mpaka wa zamani, ambao wangebomolewa bila malipo, na kijani kwa waliofuatwa na mpaka mpya, ambao wangelipwa. Upakaji huo ulirudiwa zaidi ya mara moja na kuachwa zaidi ya mara moja, kwa sababu siasa iliingia kati: mwanzoni mwa 2011, wakati John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi na akisisitiza kwamba sheria ifuatwe bila huruma, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimamisha ubomoaji. X iliyokaa ukutani miaka kadhaa bila tingatinga kufika iligeuka kuwa sehemu ya nyumba. Wengine waliendelea kupaka rangi upya wakiizunguka, na pengine wakauza fremu zao, yaani vyumba vya biashara vinavyotazama barabara, kwa watu wasioelewa maana yake.

Upanuzi wa kwanza mkubwa wa karne hii ulikuja kwa sura nyingine. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambao wananchi waliupa jina la mwendokasi, ulijengwa kuanzia 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuanza kubeba abiria Mei 2016, ukiwa na urefu wa kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Taratibu za benki hiyo kuhusu watu wanaohamishwa na miradi zinataka hata asiye na hati asaidiwe kwa hasara ya jengo lake na kipato chake, ingawa hatalipwa kwa ardhi yenyewe. Kwa hiyo Barabara ya Morogoro, katika muda usiozidi miaka mitano, ilishuhudia watu wa hali moja wakipimwa kwa vipimo viwili, kwa kuwa mwenye kibanda aliyeguswa na fedha za mkopo alikuwa na utaratibu wa kumtazama, na mwenye ghorofa aliyeguswa na fedha za ndani hakuwa nao. Tofauti haikutokana na sheria ya nchi wala na uzito wa hasara bali na mlipaji wa mkandarasi, na huenda hili ndilo jambo linalofundisha zaidi kuhusu miradi ya barabara katika Afrika Mashariki ya sasa, ingawa halipendezi kusemwa katika hafla za uzinduzi.

Ubomoaji wa Kimara hadi Kiluvya ulifanyika katikati ya mwaka 2017, Magufuli akiwa sasa ni Rais. Zaidi ya nyumba 1,000 zilianguka, zikiwamo nyumba za kuishi, maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada. Wakazi walikuwa wamekwenda mahakamani na baadhi yao waliamini kwamba shauri lao linawakinga, lakini kazi iliendelea, na wengi walianza kubomoa kwa mikono yao wenyewe ili wapate kuokoa mabati, madirisha, milango na matofali yaliyoweza kutumika tena. Serikali ilijibu lawama kwa kusema kwamba sheria ya 1932 haijawahi kufutwa kwa watu hao na kwamba kodi za wengine haziwezi kulipia uvunjaji wa sheria. Ili kuonesha kwamba hakuna upendeleo, Novemba mwaka huohuo Rais aliagiza sehemu ya makao makuu ya TANESCO na jengo la Wizara ya Maji pale Ubungo navyo vivunjwe kupisha barabara za juu. Hoja hiyo ya usawa ilipokewa vizuri na wengi, lakini haikuwa kamili, kwa kuwa shirika la umma linalobomolewa jengo hujengewa jingine kwa fedha za umma, na mjane aliyeishi kwa kodi ya fremu tatu hana hazina ya kumjengea.

Hasara ya wenye nyumba angalau ilihesabika. Wapangaji, ambao kwa desturi ya Dar es Salaam hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kuingia, walipoteza fedha walizokwisha kulipa kwa mtu ambaye naye alikuwa amepoteza kila kitu, na hakuna sheria iliyowataja. Mafundi gereji, mama lishe, washona nguo na wauza genge walipoteza kitu kigumu zaidi kukipata, nacho ni wateja waliowazoea. Familia zilizohama zilikwenda ndani zaidi, kuelekea Goba, Msumi, Mpiji Magohe na ng'ambo ya mpaka wa mkoa upande wa Kibaha, ambako viwanja vilikuwa vya bei nafuu na njia ni za vumbi, na hivyo upanuzi uliokusudiwa kufupisha safari uliwarefushia safari wale walioupisha. Upande mwingine wa habari hiyo husahaulika: mwenye nyumba ya safu ya nyuma, ambaye miaka yote alikuwa akipita uchochoroni, aliamka akajikuta anatazama barabara, na kiwanja chake kikapanda thamani bila yeye kuweka hata tofali moja. Uchungu wa majirani wa 2017 ulizidishwa na jambo hilo, kwani waliohamishwa waliona faida ya ardhi yao ikihamia hatua chache tu nyuma yao.

Barabara yenyewe ilijengwa, na haitakuwa haki kuidharau. Mradi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulizinduliwa Desemba 2018 kwa fedha za serikali, na Februari 24, 2021 Magufuli alifungua kwa siku moja barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla, na kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis kilichochukua nafasi ya kile cha Ubungo. Foleni ya Kimara, ambayo kwa miaka mingi ilimfanya mfanyakazi wa Mbezi atoke nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala, ilipungua kwa kiasi kikubwa. Njia nane, hata hivyo, ni pana kwa mwenda kwa miguu kama ilivyo nyepesi kwa dereva. Mitaa ya Kimara na Mbezi, iliyokuwa na shule upande mmoja na soko upande wa pili, ilikatwa katikati, na wakazi wakawa hawana budi kutafuta daraja la miguu au kukimbia kati ya malori yaendayo Tunduma, na mwenye gari ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya pili akalazimika kwenda mbele hadi mahali pa kugeuzia ndipo arudi.

Upana wa lami iliyojengwa, pamoja na mitaro na njia za watembea kwa miguu, haufikii nusu ya mita 243 zilizosafishwa. Sehemu iliyobaki imerudi polepole katika matumizi yake ya zamani, kwani kuna bustani za miche ya maua na miti, matofali yanayofyatuliwa kwa ajili ya kuuzwa, samani zilizopangwa juani, maegesho ya bodaboda na bajaji, na magenge yanayojengwa kwa mabanzi ili yaweze kuondolewa kwa saa moja. Wachache kati ya wafanyabiashara hao ni walewale waliokuwa na fremu za zege hapohapo kabla ya 2017, na sasa wanakaa kwa ruhusa ya muda au kwa kutazamwa tu, wakilipa ushuru kwa mamlaka zilezile zilizowahi kupokea kodi ya majengo yao.